Chakula kinabadilisha mwonekano, pumzi inajengwa na mazoezi tu. Nani anabisha?

#1 Mbio za Nyika
Wakuu, salaam. Wengi humu mnasema chakula bora kinaongeza pumzi, mimi nabisha. Kwa kijana wa miaka 18 hadi 30 asiye na ugonjwa, chakula kinabadilisha anachokiona kwenye kioo, lakini pumzi haiguswi na sahani. Chukua vijana wawili wa miaka 22 wenye ratiba moja: kukimbia mara nne kwa wiki, wiki nane. Mmoja anakula mboga, matunda na maharage, kila mlo kwa saa yake. Mwingine anaishi kwa vya kukaanga na soda. Wapeleke uwanjani kwenye jaribio la Cooper la dakika 12. Mara nyingi watamaliza wakikaribiana, na huyu wa soda anaweza hata kuwa mbele. Kama chakula kina nguvu mnayoisema, imekwenda wapi? Nataka njia inayoelezeka, kutoka kinywani hadi miguuni. "Kula vizuri uwe na afya" msiniletee.

#2 Mpimaji
Tuanze na kipimo chenyewe, maana ndicho kinachokudanganya. Daktari Kenneth Cooper wa Marekani alilitoa jaribio lile mwaka 1968. Unakimbia dakika 12, unaandika mita, unatoa 504.9, unagawa kwa 44.73. Mita 2,400 zinakupa kama 42.4, mita 2,600 zinakupa 46.8. Maana yake kila mita 100 ni pointi mbili na kidogo. Sasa angalia yanayoharibika: mtu anaanza kwa kasi ya kuwahi basi, dakika ya nne kaisha. Au anakimbilia njia ya nje na kuhesabu kila mzunguko mita 400, wakati 400 ni ya njia ya kwanza tu. Ya nane inapita 450. Na anayepima mara ya kwanza hajui kugawa nguvu, kwa hiyo mara ya pili anapanda hata kama mwili haujabadilika chochote. Tofauti ndogo kati ya vijana wako wawili inamezwa humo humo. Hujathibitisha kwamba chakula hakina kazi. Umethibitisha kwamba rula yako ni fupi.

#3 Bi Hesabu
Mpimaji kataja namba akaacha kizio. Ile 42.4 ni uwezo wa juu wa oksijeni, yaani mililita za oksijeni ambazo mwili unaweza kutumia kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Hilo "kwa kila kilo" ndiyo njia unayoitafuta, Mbio za Nyika. Kijana wa kilo 80 anayetumia lita 3.6 kwa dakika ana 45. Apunguze kilo 6 za mafuta, lita zibaki zilezile 3.6, anakuwa na 48.6. Rudisha kwenye fomula ya Cooper: kutoka mita 2,518 hadi karibu 2,680. Moyo haujaguswa, mapafu hayajaguswa, na kaongeza mita 160. Sahani imeingia kupitia mzani.

#4 Chuma Baridi
Bi Hesabu, "kilo 6 za mafuta, lita zibaki zilezile" kwenye karatasi inapendeza. Kwa wengi haiendi hivyo. Ukikata chakula kwa pupa bila kunyanyua kitu, sehemu ya uzito unaopotea ni misuli, na misuli ndiyo inayoitumia hiyo oksijeni, kwa hiyo lita nazo zinashuka. Anayetaka hesabu yako itimie akae hapa: punguza kilokalori 300 hadi 500 kwa siku, usizidi, uzito ushuke nusu hadi asilimia moja ya mwili kwa wiki, protini gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kilo. Vyuma angalau mara mbili kwa wiki, na uzito unaonyanyua usipungue. Skwati ikianza kushuka wiki ya tatu, jua unakula misuli yako mwenyewe.

#5 Soksi Moja
Mmeng'ang'ania mzani. Njia kubwa ni mafuta ya gari, yaani glaikojeni, wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini. Misuli ya mtu mzima inabeba gramu 300 hadi 500 hivi, ini kama 100 au pungufu. Hiyo ndiyo akiba ya kasi. Mwaka 1967 Bergström na wenzake kule Sweden walichoma sindano kwenye paja na kutoa vipande vya misuli, wakapima akiba baada ya vyakula vya aina tatu, kisha wakawaendesha watu baiskeli kwa asilimia 75 ya uwezo wao hadi wachoke. Chakula kisicho na wanga: dakika 57. Mchanganyiko wa kawaida: 114. Wanga mwingi: 167. Watu walewale, miguu ileile.

#6 Mbio za Nyika
Soksi Moja, asante kwa namba, lakini umejibu swali la mtu mwingine. Jaribio langu ni dakika 12. Ndani ya dakika 12 nani anamaliza glaikojeni?

#7 Soksi Moja
Hakuna. Ila hizo dakika 12 zinakuja baada ya wiki nane za mazoezi, na huko ndiko chakula kinakofanya kazi. Anayekimbia kila siku akiwa na tangi nusu, vipindi vyake vya kasi havifiki kasi. Ratiba inasema mita 400 mara nane kwa sekunde 90. Anatoa mbili za 90, mbili za 95, zilizobaki anajikokota. Kwenye karatasi ratiba ni moja, mwilini ni mbili. Kwa anayefanya mazoezi saa moja hivi kwa siku, wanga gramu 5 hadi 7 kwa kilo unatosha. Mazoezi mepesi, 3 hadi 5. Mla soda wako huenda tangi lake limejaa kuliko la mla mboga, kwa sababu sukari nayo ni wanga na bakuli la kachumbari linajaza tumbo kabla ya kujaza misuli. Ndiyo maana yuko mbele. Mfano wako unanitetea mimi.

#8 Swali Gumu
Nimecheka. Yaani soda imeshinda mjadala wa lishe.
Ila Soksi, usiupeleke mbali ule utafiti wa 1967. Watu walikuwa wachache, vyakula vilikuwa vya kupindukia kwa siku tatu tatu, na kilichopimwa ni muda wa kuchoka kwa mwendo usiobadilika. Huo ni uvumilivu wa siku moja. Hausemi mwili utajengeka zaidi baada ya wiki nane. Kuna hata wanaofanya baadhi ya vipindi kwa makusudi wakiwa na glaikojeni kidogo, kwa hoja kwamba misuli yenye njaa hupokea ishara kali zaidi ya kujenga mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli. Kwa hiyo ukame uleule unaweza kuharibu kasi ya leo na kuimarisha ishara ya kesho. Chagua.

#9 Zamu ya Usiku
Wote mnazungumzia kuni, hakuna aliyetaja mbeba oksijeni. Madini ya chuma. Hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni kwa kutumia chuma, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, au chini ya 13 kwa mwanamume, Shirika la Afya Duniani linaita upungufu wa damu. Hapo pumzi inashuka hata ratiba iwe nzuri namna gani. Wasichana wanaokimbia na kupata hedhi nzito ndio wa kwanza kuangaliwa, wakifuatiwa na wasiokula nyama na wanaochangia damu mara kwa mara. Mtu anaambiwa "huna bidii" kumbe hana chuma.
Na jikoni kuna makosa yanayorudiwa kila siku. Maharage na mboga za majani vina chuma, lakini ni cha aina isiyonyonywa kwa urahisi. Ukishushia mlo na chai au kahawa unakifunga. Sogeza chai saa moja au mbili mbali na mlo, weka chungwa, limao au nyanya mbichi palepale kwenye sahani. Vitamini C inafanya kazi ikiwa imo kwenye mlo uleule. Chungwa la asubuhi haliusaidii mlo wa jioni.

#10 Kijiko Kimoja
Hapo kwenye chai nimeguswa vibaya. Nauliza tu, kwa nini mtu asimeze vidonge vya chuma yakaisha?

#11 Zamu ya Usiku
#10 usimeze bila kupima. Chuma kikizidi mwili hauna mlango wa kukitolea, na kuna watu waliozaliwa na hali ya kukilimbikiza. Pima hemoglobini pamoja na feritini. Feritini ndiyo ghala la chuma. Chini ya mikrogramu 15 kwa lita ghala ni tupu. Lakini usipime siku mbili baada ya mbio ndefu au ukiwa na mafua, maana feritini hupanda mwili ukiwa na uvimbe na utaambiwa uko salama kumbe sivyo. Ukiandikiwa vidonge, uliza kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja: dozi ya leo inapandisha hepsidini, homoni inayozuia chuma kunyonywa, na hepsidini inafunga mlango wa dozi ya kesho. Mazoezi makali nayo yanaipandisha kwa saa 3 hadi 6 baadaye, kwa hiyo kidonge ni asubuhi kabla ya mazoezi au mara tu baada, si katikati ya dirisha hilo.

#12 Mbio za Nyika
Zamu ya Usiku, nimeshukuru, ila nilisema kijana asiye na ugonjwa.

#13 Zamu ya Usiku
Ghala tupu lenye hemoglobini ya kawaida halihesabiwi upungufu wa damu, wengi huliita uzima. Mpaka wako wa "asiye na ugonjwa" umeuchora wapi?

#14 Swali Gumu
Nirushe jiwe lingine. Tafiti nyingi zinazosema "vijana wanaokula vizuri wana pumzi zaidi" ni za kuangalia tu, hakuna aliyepangiwa chakula. Upo uchunguzi mkubwa wa Marekani uitwao CARDIA, ulioanza 1985 na 1986 na watu 5,115 wa miaka 18 hadi 30 katika miji minne, ukawapandisha kwenye mashine ya kukimbilia na kuwauliza wanakula nini. Data nzuri sana. Lakini ukikuta mla mboga ana pumzi, utajuaje nani kamvuta nani? Anayeanza kukimbia huanza pia kununua matunda, analala mapema, anaacha sigara. Mboga zinaweza kuwa abiria tu kwenye basi linaloendeshwa na mazoezi. Na watu wakiulizwa walichokula huwa wanapunguza, mwenye uzito mkubwa zaidi ndiye hupunguza zaidi. Kwa hiyo hata upande wa chakula, rula ni fupi. Mpimaji utanisamehe, nimeazima neno.

#15 Kijiko Kimoja
Lakini upo utafiti wa kupangiwa. Yule Hall wa Marekani aliwafungia watu ndani, waliopewa vyakula vya viwandani wakanenepa kilo tano kwa mwezi. Si ndiyo jibu?

#16 Bi Hesabu
Kijiko umeongeza chumvi. Utafiti wa Kevin Hall ulitoka 2019, watu wazima 20, kila mmoja wiki mbili kwa chakula kilichosindikwa sana na wiki mbili kwa kisichosindikwa, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye kilichosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka kama kilo 0.9. Kwenye kile kingine walipungua kiasi hicho hicho. Milo ilikuwa imelinganishwa sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi, hapo ndipo utamu wake ulipo. Ila wiki mbili hazijengi pumzi wala hazibomoi. Unatuambia kuhusu mzani, yaani unanirudisha kwenye #3 yangu. Karibuni nyumbani.

#17 Mtaalamu wa Njaa
Mzani, mzani. Hakuna aliyetaja upande wa pili: vijana wengi wanaofanya mazoezi kwa bidii shida yao ni kula kidogo. Hesabu ni rahisi. Chukua kilokalori unazokula, toa ulizotumia kwenye mazoezi, gawa kwa kilo za mwili zisizo mafuta. Msichana wa kilo 55 mwenye mafuta asilimia 22 ana kilo 42.9 zisizo mafuta. Anakula 1,800, mazoezi yanachukua 600, zinabaki 1,200. Gawa: 28. Chini ya 30 mwili unaanza kuzima taa za vyumba: hedhi inaruka au inakatika, usingizi unaharibika, mifupa inadhoofika, mafua hayaishi, na mazoezi hayazai matunda. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina rasmi mwaka 2014, na imeshaiandikia upya 2018 na 2023.
Anayedhani kijana mzima hawezi kuporomoka kwa chakula peke yake, asome jaribio la njaa la Minnesota. Vijana 36 wa kiume, wazima kabisa, 1944 hadi 1945, Ancel Keys akawaweka wiki 24 kwenye chakula cha kilokalori kama 1,570 huku wakitembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito. Kwa hesabu ya Bi Hesabu walitakiwa wapae. Walishindwa ngazi.

#18 Bi Hesabu
"Walitakiwa wapae." Nimekubali, hiyo imeniingia. Lakini nilisema mafuta, wale walimaliza mafuta wakahamia kwenye misuli na moyo.

#19 Chuma Baridi
Mtaalamu, hoja nzuri, ila 30 usiifanye ukuta. Ilitoka kwenye majaribio ya siku chache kwa wanawake, kwa wanaume mpaka unaonekana kuwa chini zaidi, na hata kati ya wanawake wawili haulingani. Kibaya zaidi ni hiyo 600 yako. Saa za mkononi zinakosea sana kwenye kalori. Kwa kukimbia tumia kipimo cha kienyeji: kilokalori 1 kwa kila kilo kwa kila kilomita. Wa kilo 55 akikimbia kilomita 8 ni 440, si 600. Weka 440 kwenye hesabu yako: inabaki 1,360, gawa kwa 42.9, inakuja 31.7. Tayari kavuka mpaka bila kula tonge jingine. Ndiyo maana dalili, hasa hedhi, ni kipimo bora kuliko kikokotoo.

#20 Mtaalamu wa Njaa
Sawa, nimeikubali ya kikokotoo. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo na mimba haipo, aende hospitali, asisubiri uzi huu ufungwe. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango hawana hata hiyo taa ya kuonya.

#21 Mafuta Safi
Naona wote mnaabudu wanga. Mwili unaweza kuzoeshwa kuchoma mafuta, na hata mtu mwembamba anabeba makumi ya maelfu ya kilokalori za mafuta. Tangi lisiloisha. Mbona hamlisemi?

#22 Soksi Moja
Tangi ni kubwa, bomba ni jembamba. Lita moja ya oksijeni ikichoma wanga inatoa karibu kilokalori 5.05, ikichoma mafuta 4.69. Asilimia 7 hivi pungufu. Ukitembea hujui tofauti. Ukiwa kwenye ukomo wa pumzi, hiyo 7 ndiyo inayokuacha nyuma. Mtafiti wa lishe ya michezo Louise Burke alilijaribu hilo kwa watembea kwa kasi wa kiwango cha dunia, wengine wakila wanga mwingi na wengine mafuta mengi, wiki tatu, matokeo yakatoka 2017: makundi yote yaliongeza uwezo wa juu wa oksijeni, lakini wa mafuta walitumia oksijeni zaidi kwa mwendo uleule na muda wao wa kilomita 10 haukuboreka. Wa wanga waliboreka.

#23 Mafuta Safi
Soma ulichoandika mwenyewe. Uwezo wa juu wa oksijeni ulipanda kwa WOTE. Kwa hiyo pumzi haikujali chakula.

#24 Mbio za Nyika
😂 Mafuta Safi kaja kunitetea bila kujua. Karibu upande huu.
Naongezea na hili: utafiti wa familia uitwao HERITAGE. Watu waliokuwa hawafanyi mazoezi, ratiba moja inayosimamiwa, wiki 20. Kwa wastani pumzi ilipanda kama lita 0.4 kwa dakika, lakini kuna ambao hawakupata karibu chochote na kuna waliopita lita nzima. Na familia zilifanana: karibu nusu ya tofauti ilikadiriwa kurithiwa. Damu ya ukoo ndiyo inayoamua, mbilingani aachwe.

#25 Mpimaji
Mkuu, hapo umeteleza mara mbili. Kwanza, washiriki wa HERITAGE waliombwa wasibadilishe mazoea yao mengine, pamoja na kula. Utafiti ambao haukugusa chakula hauwezi kukuambia chakula hakina kazi. Pili, "kurithiwa" kwa kupima familia zinazokaa nyumba moja kunachanganya jeni na jiko. Baba, mama na watoto wanakula chungu kimoja. Unajuaje kwamba katika hiyo nusu hamna sufuria?

#26 Swali Gumu
"Hamna sufuria." Hiyo naichukua.

#27 Kijiko Kimoja
Naomba kuuliza la vidonge vya vitamini C na E, maana nasikia vinaua mazoezi kabisa.

#28 Zamu ya Usiku
Kabisa ni neno kubwa. Mwaka 2009 Ristow na wenzake waliwapa vijana wa kiume miligramu 1,000 za C na yuniti 400 za E kwa siku, wiki nne za mazoezi. Usikivu wa mwili kwa insulini uliboreka kwa wasiopewa, kwa waliopewa haukuboreka. Hiyo ni insulini, si pumzi. Utafiti wa Paulsen wa 2014 ulienda wiki 11: dalili za ujenzi wa mitokondria kwenye misuli zilififia kwa waliomeza, lakini uwezo wa juu wa oksijeni ulipanda sawa kwa wote. Machungwa hayahusiki, hakuna anayekula machungwa kumi na tano kwa siku.

#29 Soksi Moja
Ukitaka kitu kinachoingia kinywani na kutokea miguuni kwa saa chache, ni bitiruti. Nitrati yake inageuzwa nitriti na bakteria wa kwenye ulimi, kisha oksidi ya nitriki, misuli inatumia oksijeni pungufu kidogo kwa kazi ileile. Miligramu 300 hadi 500 za nitrati, saa 2 hadi 3 kabla. Inawasaidia zaidi wenye pumzi ya kawaida kuliko mabingwa. Kosa la kipumbavu kuliko yote: mtu anakunywa juisi kisha anasukutua kinywa kwa dawa ya kuua bakteria. Kaua kiwanda. Na usiogope ukienda haja ndogo ikiwa nyekundu.

#30 Chuma Baridi
Hilo la mwisho lingewekwa mwanzo, kuna mtu ameshakimbilia hospitali.
Turudi kwenye nguvu, maana uzi mzima umejaa wakimbiaji. Kwenye nguvu hoja ya #1 haina hata miguu. Kunyanyua ndiko kunakojenga, kweli, lakini protini inaongeza juu yake hadi karibu gramu 1.6 kwa kilo kwa siku. Zaidi ya hapo faida kwa wengi inalala. Kilo 70 ni gramu 112. Igawe mara nne, 28 kila mlo: mayai mawili ni 12, glasi ya maziwa ya mililita 250 ni 8, gramu 100 za maharage yaliyopikwa ni 8 au 9. Mlo mmoja huo. Kreatini, ule unga wa nyongeza wa kuongeza nguvu, gramu 3 hadi 5 kila siku, haijalishi saa. Mzani utapanda kilo moja au mbili za maji, na Bi Hesabu atasema pumzi imeshuka kwa kuwa kagawa kwa kilo zaidi.
Na pombe: gramu 1.5 za kilevi kwa kilo ya mwili baada ya mazoezi ilipunguza ujenzi wa protini ya misuli kwa asilimia 24 hata protini ikinywewa pamoja nayo.

#31 Kijiko Kimoja
Hizo gramu 100 za maharage, wali na kadhalika mnapima mbichi au vilivyopikwa?

#32 Bi Hesabu
Swali bora la uzi huu. Mchele mkavu gramu 100 una wanga kama 80. Ukishaiva, gramu 100 za wali zina kama 28, zilizobaki nyingi ni maji. Anayepima gramu 300 za wali kwa kutumia namba za mchele mkavu anadhani kala gramu 240 za wanga kumbe kala 84. Halafu anakuja kulalamika kwamba vipindi vya kasi vinamshinda. Pima kikavu, pika, pima chungu kizima kilichoiva, gawa. Na mafuta ya kupikia usikadirie kwa jicho: kijiko kikubwa kimoja ni kilokalori 120, mkono ukiteleza ni viwili.

#33 Mbio za Nyika
Sawa. Narekebisha dai, silifuti. Kijana anayekula vya kutosha, mwenye chuma cha kutosha na asiyebadilisha uzito: kwake aina ya chakula haibadilishi uwezo wa juu wa oksijeni.

#34 Mtaalamu wa Njaa
Umeondoa chuma, njaa na uzito. Hiyo ni sawa na kusema barabara haina mashimo ukitoa mashimo.

#35 Swali Gumu
Mwacheni, dai finyu ndilo linalopimika. Pendekezo: watu walewale, wiki sita chakula A, wiki sita chakula B, kalori na protini sawa, kilichosindikwa dhidi ya kisichosindikwa, uzito uangaliwe kila asubuhi na kalori zirekebishwe ukisogea kilo moja. Nusu waanze na A, nusu na B. Majaribio mawili ya Cooper ya kuzoea kabla ya kuanza, njia ya kwanza, saa ileile ya siku.

#36 Mpimaji
Wiki sita za mwanzo zitaongeza pumzi kwa mazoezi na haitarudi chini kabla ya B kuanza. Huwezi kuwabadilishia zamu watu ambao bado wanapanda. Labda utumie waliokwisha kufika ukomo wao, na hao ndio wenye nafasi ndogo kabisa ya kubadilika.

#37 Soksi Moja
Na ukirekebisha kalori kila uzito ukisogea, umeondoa mkono mmoja ambao chakula kilichosindikwa kinautumia. Bi Hesabu atakataa.

#38 Bi Hesabu
Nimeshakataa. Tena vyakula A na B nani atavipima, na kwa mzani gani? Vyakula vya kwenye pakiti vinakuja na namba, vya nyumbani vinakuja na macho ya mpishi.

#39 Kijiko Kimoja
Mzani wa jikoni wa kusoma gramu moja moja unatosha, au lazima ule wa desimali?

#40 Chuma Baridi
Gramu moja inatosha kwa chakula. Wa desimali ni kwa kreatini na kafeini ya unga, na hiyo ya pili usiiguse kwa kijiko: miligramu 3 hadi 6 kwa kilo ndicho kipimo, wa kilo 70 ni 210 hadi 420, na kijiko kimoja cha chai cha unga safi ni gramu kadhaa. Hiyo inaua.